Bakuli la uji wa oti hugharimu nini?

Gramu 40 za oti kavu humtosha mtu mzima mmoja. Kwa kipimo hicho, paketi ya gramu 500 hutoa mabakuli 12 na nusu, na boksi la vifuko 10 vya gramu 28 hutoa mabakuli 7 tu. Gawa bei kwa idadi ya mabakuli, kisha ndipo ulinganishe.

Nafaka yenyewe ni ile ile. Punje ikikatwa vipande viwili au vitatu tunapata oti za kukatwa, ambazo hukaa motoni dakika 25 hivi. Ikipitishwa kwenye mvuke na kubanwa na rola tunapata oti bapa, za dakika 5. Zile za papo kwa papo zimepikwa zaidi kiwandani, zinataka maji ya moto tu. Muda usioutumia wewe jikoni umetumiwa na kiwanda, nawe unaulipia dukani.

Sasa upande wa gesi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya kilowati-saa 12.8 hivi. Tuseme moto wa chini unakula kilowati 1. Ukiacha muda wa kuchemsha maji, dakika 25 zitakula gramu 33, na dakika 5 gramu 6.5. Mtu mmoja akipika kila siku kwa siku 30, tofauti inafika gramu 780 hivi, zaidi ya asilimia 12 ya mtungi wa kilo 6.

Hesabu hugeuka watu wakiongezeka. Sufuria ya watu sita kwenye moto ule ule hula gramu 33 zile zile, yaani 5.5 kwa kila mlaji: pungufu ya mtu mmoja aliyepika oti bapa peke yake. Ukiloweka oti za kukatwa usiku kucha, dakika 25 hushuka hadi 10 hivi.

Angalia na kikombe. Nusu kikombe cha oti bapa ni gramu 40 hivi, lakini za kukatwa hufikia uzito huo kwenye robo kikombe. Anayepima zote kwa nusu kikombe anapika maradufu, halafu analalamika uji umekuwa mzito.

Vinavyoongezwa navyo vina uzito wake. Gramu 40 za oti zina kilokalori 150 hivi. Kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta huongeza nyingine 150. Vijiko viwili vikubwa vya sukari ni gramu 25, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidiwe kwa siku nzima. Na zile gramu 3 za beta-glukani (nyuzinyuzi za oti zinazoyeyuka) kwa siku zinazosaidia kushusha kolesteroli hazipatikani kwenye bakuli moja, maana zinahitaji gramu 75 za oti.

Kijijini Carrbridge, Scotland, kumekuwa na mashindano ya dunia ya kupika uji tangu 1994. Kundi la uji wa jadi huruhusu oti, maji na chumvi, basi. Nami naanza na chumvi: ikitiwa kidogo, ladha ya nafaka hutokea na kijiko kimoja cha sukari kinatosha.

Uamuzi wangu: anayekula peke yake anunue oti bapa, familia iloweke za kukatwa, vifuko vibaki vya safarini.