Kila Chombo kwa Wimbile

Wahenga wetu, ambao rizki yao waliitafuta baharini, walisema kwamba kila chombo kwa wimbile. Hakuna nahodha mwenye akili aliyeidharau ngalawa kwa kuwa haichukui shehena ya jahazi, wala aliyelilaumu jahazi kwa kuwa halipiti katika maji madogo ya miambani. Leo tunapenda kuitumia hekima hiyo kukipima chombo kimoja ambacho vijana wetu wanakipenda mno na wazazi wengi hawakielewi, nacho ni kibodi ndogo ya swichi iliyoundwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Wako wanaoiona kuwa ni upuuzi wa kupoteza fedha, na wako wanaoiona kuwa ndiyo kibodi pekee inayostahili kuguswa na vidole. Sisi tunasema kwamba wote hao wameupima mzigo kwa macho, hawakuutia katika mizani.

Suala hili si dogo kama kibodi yenyewe. Serikali hununua vifaa vya kompyuta kwa ajili ya ofisi na skuli, na mzazi naye huombwa na mwanawe fedha alizozitolea jasho. Karani anayeshika siku nzima kibodi isiyoafikiana na kazi yake huchoka kabla ya wakati na hukosea, na fedha ya umma iliyonunua kisichofaa ni fedha iliyotupwa.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Kibodi kamili tunayoizoea ofisini ina vitufe 104. Mpangilio wake unatokana na ule uliotolewa na kampuni ya IBM ya Marekani katikati ya miaka ya 1980, uliokuwa na vitufe 101: herufi upande wa kushoto, vishale katikati, na fungu la tarakimu upande wa kulia kabisa. Ukiliondoa fungu hilo la tarakimu, lenye vitufe 17, vinabaki vitufe 87. Ukiondoa pia safu ya juu ya F1 hadi F12, pamoja na vishale na jamaa zake, vinabaki 61, na kibodi iliyokuwa na upana wa sentimita 44 hivi hupungua hadi kiasi cha sentimita 30. Wazo hili halikuzaliwa na wachezaji. Mwaka 1996 huko Japani ilitoka kibodi ndogo iliyobuniwa na Profesa Eiiti Wada kwa ajili ya watungaji wa programu, watu wasiotaka mikono yao ihangaike huku na huko.

Jambo la pili ni swichi. Katika kibodi nyingi za bei nafuu, chini ya vitufe vyote mna utando mmoja tu. Kidole huukandamiza mpaka njia ya umeme ikaunganika. Katika kibodi ya swichi kila kitufe kina kijisanduku chake, chenye springi na vipande vya chuma vinavyogusana. Swichi mashuhuri za aina hii ni za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, zilizoanza katika miaka ya 1980. Kitufe chake hushuka milimita 4, lakini herufi huandikwa kinapofika milimita 2 tu, hata kidole hakina haja ya kugonga chini kabisa. Swichi nyekundu hushuka laini bila ya kikwazo, ya kahawia ina kijinundu kinachohisiwa na kidole, na ya buluu hulia mfano wa mashine za taipu za zamani. Hataza za kampuni hiyo zilipomaliza muda wake, viwanda vya China viliingia kwa wingi katika kazi hii, na watu wengi zaidi wakamudu kununua.

Faida zake kwa mchezaji ni bayana. Katika michezo mingi ya kulenga shabaha, mkono wa kushoto hukaa juu ya herufi W, A, S na D, na wa kulia huzungusha kipanya juu ya meza kwa mapana. Kibodi ndefu humzibia njia. Iliyo ndogo humwachia nafasi, na bega lake halilazimiki kutanuka. Tena kibodi nzuri za aina hii hupokea vitufe vingi vilivyobonyezwa kwa pamoja bila ya kupoteza hata kimoja, jambo ambalo kibodi nyingi za utando hulishindwa. Na wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya kitoto wakumbuke kwamba katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, michezo ya kompyuta ilishindaniwa medali kama zilivyoshindaniwa mbio na kuogelea.

Ufundi umekwenda mbali zaidi. Ziko sasa swichi za sumaku, zinazotumia kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Mchezaji huweza kuchagua mwenyewe kitufe kishuke kiasi gani ndipo kihesabiwe. Lakini wepesi ukizidi huzaa mashaka. Mwaka 2024 zilipoenea kibodi zenye kumfanyia mchezaji sehemu ya kazi ya vidole vyake, kampuni ya Valve, wenye mchezo wa Counter-Strike 2, ilikataza msaada wa namna hiyo katika mitambo yake rasmi. Hilo liwe fundisho kwa vijana wetu: fedha hununua kifaa, hainunui ustadi.

Kwa mwandishi wa Kiswahili pia kibodi ndogo haina upungufu mkubwa. Lugha yetu haina herufi zenye alama juu yake, na hata ritifaa tunayoiandikia ng'ombe na ng'ambo imebaki mahali pake. Mwalimu anayetayarisha mtihani, mwandishi wa habari na katibu anayeandika barua watavikuta vyote wavitakavyo, na safari ya baina ya Unguja na Pemba haitawazuia kuitia katika mkoba.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Mpelekeni mhasibu kibodi ya vitufe 61 na mtakuwa mmemkata mkono wa kulia. Yeye huingiza tarakimu kwa mkono mmoja bila ya kutazama, na jicho lake hubaki katika hati. Ukimwondolea fungu la tarakimu, itambidi azitafute katika safu ya juu. Akitaka kishale au F2 atalazimika kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kila kiwanda kina mpangilio wake. Tarakimu moja iliyokosewa katika orodha ya mishahara ni mwezi mzima wa shida katika nyumba ya mtu. Hasara ya namna hiyo haifidiwi na uzuri wa kifaa wala na taa zake za rangi.

Ziko na kasoro nyingine. Makarani kumi waliokaa chumba kimoja na swichi za buluu watafanya mwananchi aliyekuja na shida yake asisikike. Kibodi nyingi za swichi zimeinuka kuliko za utando, na kiganja kisichopata pa kuegemea hukunjika na kuchoka. Bei nayo ni kubwa, na sehemu ya bei hiyo mara nyingi ni malipo ya mapambo.

Kwa watu wa visiwani liko jambo moja zaidi, nalo ni hewa ya chumvi. Chumvi hula chuma, na unyevu wetu huisaidia. Swichi zenye ncha za dhahabu hustahimili zaidi, na zile za sumaku hazina vyuma vya kugusana. Kibodi nyingi za siku hizi huruhusu swichi iliyokufa kuchomolewa na kutiwa nyingine bila ya kuchomelea. Hapo ndipo tunapoiona faida kubwa kuliko zote. Kibodi ya utando ikiharibika ndani, mara nyingi hutupwa yote, na ardhi ya kisiwa haina nafasi ya jaa jipya kila mwaka. Kinachotengenezeka humpa kazi fundi wa mtaani na huipunguzia Serikali manunuzi.

Kwa hiyo tunawashauri wahusika mambo matatu. Kwanza, maofisa wa manunuzi wasinunue kibodi za aina moja kwa idara nzima. Wahasibu na wote washughulikao na hesabu wapewe kibodi kamili, na waandishi wapewe zile za vitufe 87 au chini yake endapo wenyewe wataridhika, zikiwa na swichi zisizo na kelele. Pili, mkataba wa kununua kibodi za swichi umtake muuzaji alete pia swichi za akiba. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi viwafundishe vijana kuzifungua na kuzitengeneza, kwani anayekipenda chombo kwa ajili ya mchezo hukosa hatua moja tu kuwa fundi wake.

Nanyi wazazi, msikimbilie kuzikataa wala kuzinunua. Mwulizeni kijana ataifanyia kazi gani na kwa saa ngapi kila siku. Akikujibuni vizuri, vitufe 61 vinamtosha. Akishindwa kujibu, hata vitufe 104 havitamsaidia.