Si Kila Homa ni Malaria

Huku kwetu ziwani homa yoyote twaiita malaria. Lakini bakteria kama salmonela, wa chakula na maji machafu, huweza kupita kwenye damu wakashambulia aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni. Ni nadra, ila ukuta wake hudhoofika, huvimba, na ukipasuka mtu hufa upesi.

Homa ikikataa kuisha, na mgongo au tumbo linauma, hasa kwa mzee, tusirudie dawa za duka. Tumfikishe hospitali kubwa, kama Jaramogi pale Kisumu, ile wengi huita Russia. Damu ichukuliwe kwanza, vijidudu vioteshwe maabarani, ndipo antibiotiki zianze. Skani itaonyesha uvimbe. Matibabu ni antibiotiki za mshipani kwa wiki kadhaa, na mara nyingi upasuaji. Basi kikundi kiweke akiba ya nauli mapema.