Shule ya Kata na Watoto Wasiohesabiwa

Kila yatangazwapo matokeo ya Kidato cha Nne, wazazi huuliza: shule yetu imefaulisha wangapi? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa tuulize pia: walioingia Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi, na waliofika katika chumba cha mtihani ni wangapi?

Tutazame Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, ambako Waislamu ni wengi vijijini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,194,028 Lindi na 1,634,947 Mtwara. Zamani kijana wa huko alisafiri mbali kutafuta sekondari, na wengi hawakupata nafasi. Ujenzi wa shule za kata ulipoanza kwa nguvu mwaka 2004, nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,291. Kufikia 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 hadi cha Sita. Alhamdulillahi, mlango umefunguliwa.

Lakini majengo yaliwatangulia walimu. Tena mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukuta masomo ya sekondari karibu yote yamegeuka Kiingereza. Katika mtihani wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri, na taifa zima likashtuka.

Hasara hiyo ilionekana. Iko nyingine isiyoonekana, kwa kuwa asilimia ya ufaulu huwahesabu walioketi mtihanini tu. Tuseme darasa lilianza na wanafunzi 100. Wakitoka njiani 40, kisha katika 60 waliobaki wakafaulu 48, tutaambiwa kwamba shule imefaulisha asilimia 80, nasi tutashangilia. Kumbe katika wale mia walioanza, waliofaulu hawafiki nusu!

Hao 40 wamekwenda wapi? Mmoja amechoshwa na mwendo wa miguu, maana kata za vijijini ni pana. Mwingine amepangishiwa chumba karibu na shule, akaishi peke yake pasipo mlezi, hata akapotoka. Mvulana ameitwa kuokota korosho msimu ulipowadia, asirudi tena. Binti ametoka unyagoni, akaposwa. Ingawa sheria ya mwaka 2016 yamhukumu kifungo cha miaka 30 amwoaye mwanafunzi au kumpa mimba.

Wako wasemao kwamba sekondari humharibia mtoto dini yake. Je, aliyeachishwa shule ameongezewa dini gani? Kutafuta elimu ni faradhi juu yetu, na mtoto ni amana tutakayoulizwa.

Basi kila jamaa ya msikiti na iandike majina ya watoto wake wanaoanza Kidato cha Kwanza, na kila mwisho wa muhula iyasome tena. Jina likikosekana, wazee waende nyumbani kwa mtoto wakaulize sababu. Wenye mashamba watoe wakfu wa mikorosho ili mapato yajenge bweni la wasichana, lenye mlezi mwaminifu. Walimu wa madrasa wapange saa zao zisigongane na za shule. Na shehe aombwaye kufungisha nikahi amwulize walii kwanza: binti huyu angali mwanafunzi? Akiwa ni mwanafunzi, asifungishe.

Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kuilinda amana hii. Amin.