Kabla ya kulipa karo ya kusomea usemi na usikivu

WAZAZI wengi wanajua kazi ya daktari, muuguzi na mfamasia. Lakini mtoto akifika miaka mitatu bila kutamka neno, au mzee akipoteza usemi baada ya kupatwa na kiharusi, hawajui wamwendee nani.

Wanaohitajika hapo ni wataalamu wa aina mbili. Mtaalamu wa usemi na lugha huwasaidia wenye kigugumizi, watoto waliochelewa kuzungumza, na hata wagonjwa wanaopaliwa kila wanapomeza chakula. Mtaalamu wa usikivu naye hupima masikio na kuwachagulia wagonjwa vifaa vya kusaidia kusikia. Kazi hizi ni jirani kwa sababu mtoto asiyesikia hupata shida kujifunza kusema.

Kazi yenyewe ni tele. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma.

Ikiwa wewe au mwanao mnanuia kuingia katika taaluma hii, jueni kwamba shahada ya kwanza haina uzito sawa kila nchi.

Nchini Marekani, shahada ya miaka minne ni maandalizi tu. Anayetaka kutibu usemi huongeza shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Wa usikivu huhitaji shahada ya udaktari wa fani hiyo, kwa kawaida miaka minne zaidi. Nchini Uingereza, shahada ya kwanza iliyoidhinishwa humwezesha mhitimu kusajiliwa kuwa mtaalamu wa usemi. Afrika Kusini, masomo huchukua miaka minne, kisha huja mwaka mmoja wa kutumikia umma. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008.

Fikiria basi familia iliyouza shamba ili kumpeleka kijana Marekani kwa karo ya miaka minne pekee. Atarudi na shahada mkononi, lakini bila idhini ya kumtibu mgonjwa hata mmoja.

Kwa hivyo, panga safari ukianzia mwisho. Jiulize kwanza utafanya kazi wapi, na nchi hiyo inadai nini kabla ya kukusajili. Kisha kiulize chuo maswali haya, na udai majibu kwa maandishi:

• Je, shahada hii pekee inaniruhusu kutibu?

• Inafunza usemi na usikivu kwa pamoja, au nitachagua mmoja?

• Nitafanya mazoezi hospitalini kwa saa ngapi, chini ya nani?

• Ikiwa ni chuo cha ng'ambo, je, shahada yake itatambuliwa Kenya?

Usilichukulie swali la mazoezi kuwa dogo. Huko Marekani, chama cha wataalamu hao hudai saa 400 za mafunzo ya vitendo kabla ya kumpa mtu cheti cha tiba ya usemi.

Ukiwa bado sekondari, tia bidii katika biolojia, fizikia na lugha. Fizikia itakusaidia kuelewa sauti. Lugha nazo ni msingi wa kazi yote. Mtoto aliyelelewa kwa Kikuyu akisema "rara" badala ya "lala", huenda ni athari ya lugha ya mama wala si ugonjwa. Mtaalamu asiyejua hayo atamtibu mtoto mzima. Tafuta chuo kinachofunza jinsi ya kumpima mtoto wa lugha mbili au tatu.

Mwisho, omba ruhusa ukamtazame mtaalamu akiwa kazini hata siku moja tu. Utaona mgonjwa akirudia silabi moja mara hamsini. Haba na haba hujaza kibaba, na kama huna subira hiyo, ni afadhali ujue kabla karo haijalipwa.