Nguvu Mpya, Breki za Kale

Mwaka juzi nilikuwa mgeni wa mpwa wangu huko Milwaukee, Marekani, mji ilikozaliwa Harley-Davidson mwaka 1903. Kijana ana Sportster ya mwaka 1986, iliyotoka kiwandani na injini ya cc 883. Hakuridhika nayo. Alizichongesha silinda zote mbili, kipenyo kikatoka milimita 76.2 hadi 88.9, akatia pistoni kubwa. Mwendo wa pistoni, milimita 96.8, ukabaki uleule. Ikawa cc 1,200.

Akanipakia nyuma. Subhanallahi! Injini ile imefungwa kwenye fremu chuma kwa chuma, hapana mpira kati yake. Mtikiso wake niliuonea kwenye meno. Tukisimama kwenye taa, bomba la moshi lanichoma mguu wa kulia. Tangi nalo ni dogo, na injini ina kiu kuliko zamani, basi kutwa tuko kituo cha petroli.

Hayo yavumilika. Mimi hofu yangu ni breki: mbele diski moja tu, ileile ya tangu mwanzo. Siku moja lori lilisimama ghafula, nasi tukaja kutulia shubiri mbili tatu nyuma yake. Nilikwisha tamka shahada.

“Mjomba,” akasema, rangi imemtoka, “nguvu niliinunua, kusimama sikukununua.”

Na fedha anazo! Amezidunduliza anunue mabomba mapya, yangurume zaidi. Tuligombana hadi isha.

Siku ya safari yangu, uwanja wa ndege nilikwenda kwa teksi.