MTAZAMAJI



Leo na tulifikiri neno moja tulitumialo kila siku: mtazamaji. Limetokana na kutazama, na ile -ji ya mwisho humwonyesha mtu aliyezoea kutenda jambo, kama msomaji au mwimbaji. Basi mtazamaji ni yule ambaye shughuli yake ni kutazama tu. Uwanjani si kosa. Mpira una wachezaji na watazamaji. Lakini njiani je?

Siku moja nilikuta sokoni kijana akipigwa, ameshukiwa wizi. Watu walikuwa wamemzunguka. Nami nikasimama, kola ya uchungaji shingoni, nikijiambia, “Pilipili usiyoila yakuwashia nini?” Mama mmoja muuza mboga ndiye aliyepenya katikati, akamfunika kijana kwa leso yake, akawasihi watu wampeleke polisi. Wakamsikia. Yeye hakuwa na kola.

Jioni ile nilifungua kitabu cha Obadia. Waedomu walikuwa wazao wa Esau, ndugu yake Yakobo. Siku wageni walipoingia Yerusalemu na kuchukua mali yake, Edomu alisimama kando. Nabii hamwiti asiye na hatia. Katika mstari wa 11 anamhesabu pamoja na adui wale. Neno hilo lilinichoma.

Hata katika mfano wa Bwana wetu, Luka 10, kuhani aliona, Mlawi aliona, na Msamaria naye aliona. Macho yao yalikuwa sawa. Miguu ndiyo iliyotofautiana. Wawili walipita kando, mmoja akakaribia.

Lakini, wapenzi, neno letu lina upande wa pili. Twasema, “Nakwenda kumtazama mgonjwa.” Twamwambia jirani, “Nitazamie mtoto.” Hapo kutazama ni kutunza. Hivyo ndivyo Mungu atutazamavyo sisi.

Juma hili huenda utamwona mjane akinyang'anywa shamba, au utasikia kilio katika nyumba ya jirani. Usiseme hayakuhusu. Ikiwa huwezi kwenda peke yako, mwite mzee wa kanisa, mwite chifu, lakini usisimame tu.

Na tuombe. Bwana, utusamehe siku tulizosimama kando. Utupe macho yenye huruma, na miguu ya kukaribia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.