Makande

Makande (Kenya: githeri, sehemu za pwani pia: pure) ni chakula kinachopikwa kwa kuchemsha mahindi na maharagwe pamoja katika sufuria moja hadi yawe laini, kisha kuungwa kwa kitunguu, nyanya, mafuta au tui la nazi. Ni mlo wa kila siku wa familia nyingi za Tanzania na Kenya, na pia wa shule nyingi, kwa sababu viungo vyake viwili vikuu hupatikana kwa bei nafuu na hukaa miezi mingi ghalani bila kuharibika, mradi viwe vikavu.

Kwa mtoto anayekua, makande yana faida ambayo ugali au wali mtupu hauna: nafaka na jamii ya kunde huliwa kwa pamoja, na kila kimoja hujaza upungufu wa kingine. Lakini faida hiyo hutegemea upishi. Makande magumu, yasiyo na mafuta wala mboga, hulishibisha tumbo la mtoto kabla hajapata nguvu anazohitaji, na mara nyingi mtoto huyachokonoa tu sahanini na kuyaacha.

Majina na aina zake

Nchini Tanzania makande hupikwa zaidi katika mikoa ya kaskazini na kaskazini mashariki, kama vile Kilimanjaro, Tanga na Arusha, na katika utani wa makabila huhusishwa hasa na Wapare. Kwa kawaida mahindi ya makande ya Kitanzania hukobolewa kwanza, yaani huondolewa ganda la nje kwa kutwangwa kinuni au kwa mashine.

Githeri ni jina la Kikikuyu, na siku hizi linaeleweka Kenya nzima. Mahindi ya githeri mara nyingi hayakobolewi. Wakamba wana isyo, ambayo ni mahindi yenye ganda pamoja na maharagwe, na muthokoi, ambayo mahindi yake yamekobolewa. Hii ya pili ndiyo inayofanana zaidi na makande ya Tanzania. Wajaluo huita chakula hicho nyoyo. Nje ya Afrika Mashariki, Waxhosa wa Afrika Kusini hupika umngqusho kwa mahindi yaliyokobolewa na kuvunjwavunjwa pamoja na maharagwe.

Siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, tarehe 8 Agosti 2017, picha ya mpiga kura mmoja wa Nairobi aliyekuwa akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki huku akiwa kwenye foleni ilienea sana mitandaoni. Kwa wiki kadhaa chakula hiki, ambacho wengi walikihesabu kuwa cha bweni au cha mwisho wa mwezi, kilizungumzwa kuliko wagombea kadhaa.

Asili

Mahindi na maharagwe ya kawaida yote mawili yana asili ya bara la Amerika, ambako wakulima wa Mexiko na nchi jirani waliyapanda shamba moja kwa maelfu ya miaka: mharagwe ukiparamia bua la muhindi na kurutubisha udongo kwa nitrojeni. Yalifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya kuja kwa Wareno katika karne ya 16. Kabla ya hapo wenyeji walikuwa na nafaka na kunde zao wenyewe, hasa mtama, ulezi, kunde na njugu mawe. Hata leo kunde, choroko, mbaazi au njugu mawe hutumika badala ya maharagwe pale yanapopanda bei, na thamani ya mlo haipungui.

Kwa nini viwili kwa pamoja

Protini hujengwa kwa asidi amino, na baadhi yake mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani. Maharagwe yana lisini kwa wingi, lakini yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Vikiliwa pamoja, mwili hupata mchanganyiko unaokaribia ule wa nyama au mayai kwa ubora, kwa gharama ndogo zaidi. Kwa uzito mkavu, maharagwe yana protini kati ya asilimia 20 na 25, na mahindi asilimia 9 hivi.

Maharagwe huleta pia madini ya chuma, zinki na folati. Tatizo ni kwamba chuma cha mimea hakifyonzwi kwa urahisi, kwa kuwa mbegu zina fitati, dutu inayoshikamana na madini hayo tumboni. Vitamini C inayoliwa katika mlo uleule husaidia sana kufyonza chuma. Kwa hiyo pera, chungwa, papai au embe baada ya makande si anasa. Ni sehemu ya mlo, na pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Chai hufanya kinyume chake. Kikombe cha chai ya rangi au ya maziwa kinachonywewa pamoja na makande hupunguza chuma ambacho mtoto angekipata, na ni afadhali kingoje saa moja au zaidi.

Vitu viwili havimo kabisa katika mahindi meupe na maharagwe kwa kiasi cha maana: vitamini A na vitamini B12. Ya kwanza hupatikana kwa kuongeza karoti, boga, mchicha, majani ya maboga au mafuta mekundu ya mawese. Ya pili hutoka kwa wanyama pekee, na njia rahisi kwa familia nyingi ni dagaa wachache waliooshwa vizuri na kukaangwa, au kikombe cha maziwa.

Upishi na gharama ya moto

Makande ni rahisi sokoni lakini yanaweza kuwa ghali jikoni. Mahindi makavu na maharagwe yasiyolowekwa huweza kuchukua saa tatu au zaidi juu ya moto, na kwa familia inayonunua mkaa wa kopo au gesi ya mtungi mdogo, moto huo unaweza kugharimu karibu sawa na chakula chenyewe. Ndiyo sababu watu wengi wa mjini wameyaacha na kuhamia wali, ingawa mchele ni ghali zaidi.

Kuloweka ndiko kunakopunguza gharama hiyo. Mahindi na maharagwe huchambuliwa, huoshwa na kulowekwa usiku kucha katika maji mengi, kila kimoja katika chombo chake. Asubuhi maji hayo humwagwa. Hutoka nayo sehemu ya sukari zinazosababisha gesi tumboni na sehemu ya fitati. Mahindi hutangulia jikoni kwa sababu huchelewa kuiva. Maharagwe hufuata baada ya nusu saa au zaidi kulingana na aina yake. Chumvi na nyanya huwekwa mwishoni, kwani uchachu wa nyanya hufanya maharagwe yachelewe kulainika. Sufuria hufunikwa muda wote. Sufuria ya presha hupunguza muda huo hadi chini ya saa moja.

Maharagwe ya zamani, hasa yaliyohifadhiwa mahali penye joto na unyevu, hugoma kuiva hata yakichemshwa kutwa. Ya msimu mpya hugharimu kidogo zaidi kwa kilo lakini hurudisha fedha hiyo kwenye mkaa. Katika msimu wa mavuno makande ya mahindi mabichi huiva haraka zaidi, na ndiyo watoto wengi huyapenda kwa utamu wake.

Kwa familia ya watu watano au sita, nusu kilo ya mahindi na robo kilo ya maharagwe hutosha. Yakishaiva, kitunguu hukaangwa katika vijiko vitatu au vinne vya mafuta, huongezwa nyanya na karoti, kisha makande humiminwa humo na kuachwa yatokote taratibu. Mchicha uliokatwakatwa huingizwa dakika chache kabla ya kuepua. Pwani na Tanga tui la nazi huchukua nafasi ya mafuta. Karanga zilizosagwa hufaa vilevile, na mchuzi wake huwa mzito.

Maharagwe, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Huharibiwa kwa kuchemsha kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10. Moto hafifu usiofikisha maji kuchemka hautoshi, kwa hiyo wanaopika kwa kuacha sufuria kwenye kikapu cha joto ili kuokoa mkaa wanapaswa kuyachemsha kikamilifu kwanza.

Magadi

Ili kuharakisha uivaji, wapishi wengi wa kaskazini mwa Tanzania na wa Kenya huweka kipande cha magadi. Kweli maharagwe hulainika upesi. Lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini B1 na huongeza sodiamu, na kuna jambo zito zaidi: magadi ya maeneo ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floridi nyingi. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ina sehemu ambazo maji ya kunywa yenyewe yana floridi kupita kiasi, na meno ya watoto wengi yana madoa ya kahawia kwa sababu hiyo. Mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yanajengeka hupata floridi kutoka pande mbili, kisimani na sufuriani. Maji ya kisima yanaweza kuwa nje ya uwezo wa familia kuyabadilisha. Magadi yanaweza kuachwa leo, kwa kuwa kuloweka usiku kucha hufanya kazi ileile.

Kuwalisha watoto

Tumbo la mtoto ni dogo. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa lishe, mtoto mchanga na mdogo huweza kula gramu 30 hivi za chakula kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 9 atatosheka kwa gramu 270 hivi. Makande yaliyoiva ni maji kwa sehemu kubwa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta huongeza kilokalori 40 hivi bila kuongeza ujazo, na ndiyo maana mafuta, nazi, karanga au parachichi vina maana kubwa zaidi katika sahani ya mtoto kuliko katika ya mtu mzima.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Makande ya familia yanaweza kutumika tangu mwanzo huo iwapo yatapondwa kabisa na kuchujwa maganda kabla ya kutiwa chumvi na pilipili. Punje nzima ya mahindi si salama kwa mtoto mdogo kwa sababu inaweza kumpalia; hata mwenye miaka 3 ni vizuri ayale yakiwa yamepondwa kidogo kwa mwiko.

Watoto wakubwa hukataa makande kwa sababu mbili hasa: ugumu na kurudiarudia. La kwanza hutatuliwa na muda wa kuloweka. La pili hutatuliwa kwa kubadilisha uungaji, si chakula chenyewe: leo nazi, kesho kutwa karanga, siku nyingine vipande vidogo vya nyama au dagaa. Viazi vilivyochemshwa humo na kupondwa pamoja na majani mabichi huyageuza kuwa mukimo, ambao watoto wengi wa Kenya ya kati huupenda kuliko githeri. Makande yaliyolala na kukaangwa asubuhi kwa kitunguu hadi yashike rangi ni kifungua kinywa cha nyumba nyingi, na ladha yake hupita ya jana. Ni lazima tu yahifadhiwe mahali penye baridi au yachemshwe tena usiku na asubuhi, kwani katika joto la pwani huchacha kabla ya kucha.

Mashuleni

Nchini Kenya mpango wa chakula cha shule ulianzishwa mwaka 1980 na serikali pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wake wa kutumia mazao ya ndani, na mwaka 2018 ikachukua jukumu lote. Posho ya mwanafunzi kwa siku ilipangwa kuwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde, gramu 5 za mafuta na chumvi yenye madini joto, na kwa shule nyingi posho hiyo ilimaanisha githeri. Kwa hesabu ya kawaida ni kilokalori 700 hivi na protini ya gramu 20 na ushee. Kiasi hicho si kidogo, ila mboga na matunda hayamo. Uwiano wa nafaka na kunde ni karibu nne kwa moja, wakati nyumbani mara nyingi ni mbili kwa moja. Mwanafunzi anayelalamika kwamba maharagwe ya shule yanahesabika hakosei sana.

Sumukuvu

Mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu aina ya Aspergillus flavus, anayetoa sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walifariki kati ya wagonjwa 317 waliojulikana mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 mlipuko kama huo ulitokea Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kuchemsha hakuiondoi, hata kwa saa nyingi. Kinga ni kukausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo, kuyahifadhi makavu, na kuchambua kabla ya kupika: punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zilizotobolewa na wadudu hutupwa, hata kama ni nyingi.

Kukoboa huondoa sehemu ya vitamini na mafuta yaliyomo katika kiini cha punje, lakini huondoa pia sehemu kubwa ya sumukuvu, ambayo hukaa zaidi katika tabaka za nje. Kwa hiyo pumba za mahindi yaliyoota kuvu hazifai kulishwa mifugo. Ng'ombe anayezila hutoa sumu hiyo katika maziwa.